Nyanya za Mwalimu wa Mikindani: mwezi kwanza, mbegu baadaye

Kisa ni cha mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeishi Mikindani, kwenye nyumba yenye watu sita wa kula kila siku. Nyuma ya jiko ana matuta mawili, kila moja lina urefu wa mita 5 na upana wa mita 1.2. La kwanza liko karibu na kisima cha zamani. La pili liko chini ya ukuta wa mawe, pale maji ya bafu yanapotokea. Misimu miwili mfululizo alipanda nyanya mwezi wa Desemba, mara tu mvua zilipolowesha mchanga. Msimu wa kwanza alipanda Cal J. Wa pili alimsikiliza mpwa wake mwenye genge la mboga, akanunua pakiti ya mbegu chotara, yaani iliyotokana na kuchanganya aina mbili tofauti, ya bei kubwa yenye picha ya nyanya nene za mviringo. Mara zote mbili mimea ilinawiri na kujaa maua, kisha maua yakapukutika. Matunda yalikuwa ya kuhesabika, na baadhi ya mimea ilinyauka ikiwa bado ya kijani.

“Mwanangu, mbegu za siku hizi ni feki,” aliniambia baada ya salamu. “Nitajie aina moja ya uhakika, nimalize.”

Sikumtajia. Mbegu feki zipo kweli, na ndiyo maana inafaa kununua pakiti iliyofungwa vizuri, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya kuisha muda inayosomeka. Lakini mbegu feki kwa kawaida huonyesha ubaya wake mapema: hazioti, au huota mimea isiyofanana. Za Mwalimu ziliota zote na kukua sawasawa. Kilichoharibika kiliharibika wakati wa maua, na hapo jina la kwenye pakiti halina kosa kubwa kama mwezi uliochaguliwa.

Nilimwomba anionyeshe mahali maua yalipodondokea. Kikonyo cha ua la nyanya kina kifundo kidogo katikati. Ua likikataa kushika tunda, hukatikia hapo hapo kwenye kifundo, safi, bila alama ya mdudu. Yake yalikuwa yamekatika hivyo. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, chavua ikianguka kutoka kwenye sehemu yake ya kiume hadi ya kike ndani ya ua lile lile. Mchana ukipita nyuzi joto 32, na usiku ukabaki juu ya nyuzi 21, chavua hupungua nguvu, mirija yake haifiki kwenye ovari, na mmea unaliacha ua. Joto la mchana watu wa pwani tunalijua na tunalilalamikia. La usiku ndilo tunalolisahau, kwa sababu tumelala, na kumbe ndilo linaloamua zaidi. Mtwara mwezi wa Desemba na Januari usiku hukaa kwenye nyuzi 23 au zaidi. Mwezi wa Julai, kusi likivuma, hushuka hadi karibu na 19 au 20. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha mmea wenye matunda na mmea wa kutazama.

Hapa kuna jambo linalowaumiza wakulima wa bustani wa kusini, nami linanikera. Maelekezo mengi ya nyanya yanayotufikia yametungwa kwa ajili ya nyanda za juu. Nyanya za Ilula, Iringa, hulimwa juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Aina kadhaa zilizotolewa na watafiti wa serikali zilitoka Tengeru, Arusha, ambako nako usiku una baridi yake. Kituo chetu cha karibu cha utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, kinajulikana zaidi kwa korosho na mbegu za mafuta kama ufuta na karanga. Kwa hiyo mtu wa Mikindani au Lindi anaambiwa atafute mbegu inayostahimili baka jani chelewa, ugonjwa unaopenda ubaridi na ukungu, naye analipia kinga ya adui ambaye kwake hodi hapigi sana, huku adui aliyemo uani hajatajwa.

Basi kabla ya mbegu tuliandika kalenda. Kitalu mwishoni mwa Aprili, mvua zikielekea kukatika. Kuhamisha miche mwishoni mwa Mei. Maua mwishoni mwa Juni na Julai yote. Kuchuma kuanzia Agosti. Mwalimu alipinga, na pingamizi lake lilikuwa la haki: “Mvua ni ya Mungu. Ukinipeleka kiangazi, maji ya bomba nalipia mimi.” Ni kweli, nyanya za kusi ni za kumwagilia. Ila tuta la mita 5 si shamba. Ukitandaza makapi ya mpunga, majani makavu ya mkorosho au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa juu ya udongo, mchanga hauachi maji yapotee haraka. Ndoo kadhaa asubuhi zinatosha. Na mvua za Desemba hazipotei bure: hizo ni za bamia, kunde na mchicha, mimea inayolipenda joto.

Baada ya kalenda tulichimba. Mimea michache ya msimu ule uliofeli ilikuwa bado imesimama. Kwenye tuta la kwanza nilichomoa mmoja, na mizizi ilikuwa imejaa vinundu kama shanga zilizofumwa ovyo. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyoshambulia mizizi, na udongo wa kichanga ndio nyumba yao. Mwalimu alikuwa amepanda bilinganya na nyanya chungu hapo miaka mingi, mimea ya ukoo mmoja na nyanya, kwa hiyo minyoo haikukosa chakula hata msimu mmoja.

Tuta la pili lilikuwa na jambo baya zaidi. Mizizi ilikuwa misafi, lakini mmea ulinyauka ghafla bila majani kugeuka njano. Nilikata kipande cha shina karibu na udongo, nikakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kuteremka kutoka kwenye sehemu iliyokatwa. Hicho ni kipimo cha mnyauko bakteria ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya jikoni, na ningependa kila anayelalamikia mbegu akifanye kabla ya kununua pakiti nyingine. Bakteria hao hukaa udongoni miaka, husafiri na maji na jembe, na hupenda udongo wenye joto na unyevu. Maji ya bafu yalikuwa yanawanywesha kila siku.

Hukumu yangu kwa tuta la pili ilikuwa moja: hakuna nyanya ya dukani ya kupanda hapo. Herufi V na F zinazoandikwa kwenye pakiti, kama katika Roma VF, zinahusu minyauko ya ukungu, yaani vertisilio na fuzari. Hazihusu mnyauko bakteria hata kidogo, na watu wengi hudanganyika hapo kwa sababu neno mnyauko ni lile lile. Tulipanga mahindi kwenye tuta hilo. Mpwa alipendekeza karanga, zao letu la nyumbani, lakini karanga nazo zinaweza kushikwa na bakteria hao, kwa hiyo hazisafishi tuta. Bilinganya, pilipili na viazi mviringo ndiyo kabisa. Tulichimba mfereji kuyatenga maji ya bafu yasifike tuta la kwanza, na jembe likawa linaoshwa kabla ya kuvuka upande mmoja kwenda mwingine.

Likabaki tuta la kwanza lenye minyoo. Hapo ndipo jina la mbegu linapoanza kuwa na maana. Kwenye orodha ya kinga, herufi ya kutafuta ni N, inayowahusu minyoo fundo. Kinga hiyo katika nyanya karibu zote zinazouzwa imetokana na jeni moja iliyoingizwa miaka ya 1940 kutoka kwa nyanya pori ya Amerika ya Kusini, Solanum peruvianum. Jeni hiyo ina udhaifu mmoja unaotuhusu sisi wa pwani moja kwa moja: udongo ukipita nyuzi joto 28, inaacha kufanya kazi. Mchanga mtupu wa Mikindani mwezi wa Januari hupita kiwango hicho bila taabu. Mtu anaweza kununua chotara yenye N, akailipia, na minyoo ikaitafuna kana kwamba haina kitu. Chini ya matandazo mazito, mwezi wa Julai, mbegu hiyo hiyo inajilinda. Kwa hiyo hata kinga tuliyoinunua inategemea mwezi tuliouchagua.

Kisha maji. Kisima cha Mwalimu ni kitamu baada ya mvua, lakini kufikia Septemba huanza kuwa na chumvi, kama visima vingi vilivyo karibu na ghuba. Nyanya huvumilia chumvi kidogo, ila chumvi inapunguza uwezo wa mizizi kunyonya kalsiamu, na tunda likikosa kalsiamu linaoza kitako, lile doa jeusi la chini ambalo wengi huliita ugonjwa na kulipulizia dawa bure. Nyanya ndefu za umbo la Roma hupata kitako cheusi kwa urahisi kuliko za mviringo. Hii ilikuwa sababu tosha ya kutojaza aina ndefu kwenye tuta lililo jirani na kisima.

Jambo la mwisho lilikuwa jiko, na hapa ndipo Mwalimu na mpwa wake walipovutana. Mpwa alitaka aina ya Tanya tu: mmea mfupi, tunda gumu, haipondeki kwenye tenga, wateja wanaijua. Kwa genge lake ana haki. Lakini nyanya ya kutoka tutani hadi sufuriani inatembea hatua ishirini. Haihitaji ganda la kuvumilia lori. Na aina zenye mmea mfupi zina tabia nyingine: zikishachanua, matunda yake hukomaa karibu kwa pamoja kisha mmea unachoka. Cal J ilitengenezwa California kwa ajili ya mashine za kuvunia, ambazo zinataka shamba zima liive siku moja. Familia inayokula nyanya tatu nne kila jioni inataka kinyume chake. Inataka mmea unaoendelea kupanda mtini na kutoa vichane kidogo kidogo kwa muda mrefu.

“Mimi nataka ya mchuzi wa samaki,” Mwalimu alisema, “inayoyeyuka. Hizi za Iringa unazichemsha mpaka mkaa unaisha na ganda linabaki linaelea. Na ya kachumbari iwe na maji yake.”

Kauli hiyo ilinisaidia kuliko pakiti zote. Kwa sifa hizo Money Maker inafaa: aina ya zamani ya Uingereza yenye mmea mrefu, ya mwanzoni mwa karne ya 20, ganda laini, tindikali na utamu vyenye uwiano mzuri. Udhaifu wake ni mwingi. Haina kinga ya kutegemea dhidi ya chochote tulichokikuta uani, na hupasuka ikikauka kisha ikanyweshwa kwa pupa. Kuipanda kwenye tuta la kwanza ni kuwaandalia minyoo karamu. Kwa hiyo tuliipanda kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, kwa udongo wa juu uliochukuliwa shambani chini ya mikorosho, mahali ambapo mboga hazijawahi kulimwa, ukachanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Ndoo ziliwekwa upande wa mashariki wa nyumba, zipate jua la asubuhi na kivuli baada ya saa nane, na zilinyweshwa maji ya bomba peke yake.

Kwenye tuta lenyewe tulipanda Tengeru 97. Ni mbegu ya kawaida, si chotara, iliyotolewa mwaka 1997, na sifa yake kubwa kwetu ni kustahimili minyoo fundo na mnyauko fuzari. Tunda lake si refu kama la Roma. Ganda lake ni gumu kuliko Mwalimu apendavyo, lakini linakaa jikoni siku nyingi bila kuoza, na hilo kwenye joto letu si jambo dogo. Mistari miwili yenye sentimita 60 kati yake, mche kwa mche sentimita 50, ikawa miche ishirini. Mitano ya mwisho upande wa kisima niliomba iwe Cal J iliyobaki kwenye pakiti yake ya zamani, tuone zikiwa jirani kabisa.

Chotara inayostahimili rasta, kama Assila, tuliizungumzia kwa muda. Rasta ni virusi vya kukunja majani vinavyoenezwa na inzi weupe, na inzi hao huongezeka joto na ukame vinapozidi, Septemba na Oktoba. Nilikataa kuinunua msimu ule kwa sababu moja: mimea ya kitalu cha Aprili ingekuwa imeshatoa sehemu kubwa ya mavuno kabla inzi hawajashamiri. Mche unaoshikwa na rasta ukiwa mdogo hauzai kabisa, ila mmea uliokwisha shika matunda hupoteza vichane vya juu tu.

Msimu ulikwenda hivi. Maua ya Julai yalishika. Mwalimu alizoea kupita kila asubuhi akigonga miti ya kuegemezea kwa kidole, ili chavua idondoke, na ni desturi nzuri kwenye kona isiyo na upepo. Tengeru zilianza kuiva Agosti, zikaendelea hadi Septemba. Cal J ziliiva mapema kidogo, zikajaa sado kwa mkupuo, zikaisha. Kati ya hizo tano, zile zilizo karibu kabisa na kisima zilitoa matunda mengi yenye kitako cheusi. Tengeru zilizopakana nazo hazikukosa tatizo hilo, ila lilikuwa dogo. Tulipong'oa mwishoni, mizizi ya Cal J ilikuwa vinundu vitupu. Ya Tengeru ilikuwa na vichache, hasa pembeni ambako kuku walikuwa wamekwangua matandazo na jua likaupiga mchanga. Sehemu hiyo ya pembeni ilimfundisha Mwalimu zaidi ya maelezo yangu yote ya nyuzi joto, kwa maana aliiona kwa macho na tangu hapo kuku wamefungiwa.

Money Maker za ndoo zilileta nyanya alizozitaka, na pia zilipasuka wiki aliyosafiri kwenda Newala kwa ndugu zake na wajukuu wakasahau kunywesha, kisha wakanywesha kwa mpigo. Ndoo haisamehe kama tuta, na mtu asiyeweza kunywesha kila siku asiweke aina yenye ganda laini ndani yake. Kuelekea Oktoba matunda yalikuwa yanaiva njano ya machungwa badala ya nyekundu. Mwalimu alidhani ni ugonjwa. Ni joto: juu ya nyuzi 30 hivi, tunda linashindwa kutengeneza ile rangi nyekundu. Dawa ni kuchuma likianza kubadilika tu, likamalizie kuiva kwenye ungo ndani ya nyumba penye kivuli.

Rasta ilikuja Septemba kama tulivyotarajia. Mpwa alileta salfa iliyobaki kwenye mikorosho ili ainyunyizie. Salfa inafaa kwa ubwiri unga na utitiri, haizuii virusi wala haimalizi inzi weupe, na ikipulizwa kwenye jua kali inaunguza majani ya nyanya. Tuling'oa mimea miwili iliyokunjika vibaya, tukaifukia mbali, nyingine zikamaliza kazi yao.

Kwa msimu unaokuja Mwalimu ameamua mambo yake mwenyewe. Ametunza mbegu za Tengeru kutoka kwenye mimea mitatu iliyozaa vizuri: alikamua matunda yaliyoiva kabisa, akaacha ute uchachuke siku mbili, akaosha, akakausha kivulini juu ya sahani. Nyanya hujichavusha, kwa hiyo mbegu za aina ya kawaida hubaki na tabia ya mama yao. Angefanya hivyo kwa chotara angepata mchanganyiko. Anataka pia kitalu cha pili mwezi wa Julai ili ale nyanya hadi Novemba, na kwa hicho nimemkubalia chotara ya kustahimili rasta, pakiti ndogo ya kugawana na jirani yake, maana miche hiyo itakuwa michanga wakati inzi weupe wakiwa wengi. Itapandwa kwenye ndoo peke yake. Desemba hapandi nyanya kubwa tena. Karibu na jalala kuna nyanya ndogo za kienyeji zilizojiotea, zile za ukubwa wa zabibu, ambazo hushika matunda hata kwenye joto linaloziangusha kubwa zote. Ameziwekea uzio wa makuti. Tuta la pili bado ni la mahindi, na glasi ya maji ameiweka tayari kwa siku mmea wowote utakaponyauka ukiwa wa kijani.